Mlevi Asiyejua Ladha ya Pombe

Sehemu ya kumi na tisa

Wiki nzima nimemwacha Chakari na funda mdomoni. Poleni, na yeye pole. Msomaji mmoja ameniandikia barua ya kurasa mbili akiniamuru nimwache ateme. Mwingine anasema mwanaume wa kweli angemeza. Nyote wawili mmesahau jambo moja: kamera zilikuwa zinawaka.

Kwa aliyelikosa gazeti, habari ni hii. Mwigizaji wetu, ambaye watu wote wanamwita Chakari kwa sababu ya mlevi anayemwigiza kwenye runinga mwaka wa kumi na tano sasa, hajawahi kuonja pombe maishani mwake. Chupa anayoyumba nayo huwa na chai ya rangi iliyopoa. Mchana ule, katikati ya kurekodi, mbele ya watazamaji mia mbili, aliinua chupa, akapiga funda, na funda likamuunguza ulimi.

Haikuwa chai.

Akameza.

Msimlaumu haraka. Wenye kazi ile wanajua kwamba watazamaji hucheka kweli mara moja tu. Ukikatisha ukarudia, wanakucheka kwa adabu, na kicheko cha adabu hujulikana hata kwa mtu aliyekaa sebuleni kwake. Chakari alisikia kicheko kinapanda. Akameza ili kisishuke.

Na kwa kuwa mchezo ulitaka mafunda matatu, akapiga la pili. Kisha la tatu.

"Mke wangu," akasema huku macho yakimtoka machozi, "dawa ya leo imeamka vibaya!"

Maneno hayo hayakuwa kwenye karatasi. Ukumbi ukapasuka.

"Dawa gani hiyo inayomfanya mgonjwa aimbe?" akajibu Bi Shubiri, mwiko mkononi. Huyu ndiye mke wake wa kwenye runinga, mwanamke anayemgombeza kila Alhamisi kwa miaka yote hiyo, na nje ya kamera ndiye rafiki yake wa pekee.

Ikafuata ile hotuba ndefu ya Chakari ya kuapa kwamba ameacha pombe. Hapo ulimi ukamgomea. Maneno yakatoka mazito, yamekatikakatika. Watu wakacheka. Mkono wa kulia ukaanza kutetemeka, chupa ikagonga meza tatata. Watu wakapiga makofi. Akainuka, na akaanguka.

Sasa sikilizeni. Chakari huanguka upande wa kushoto. Chini ya zulia la kushoto kuna godoro jembamba, limewekwa pale tangu mwaka wa kwanza, na ameliangukia mara nyingi kuliko alivyolilalia la nyumbani kwake. Siku hiyo mguu wa kulia ulimsaliti, akaanguka kulia, kwenye saruji.

Watazamaji mia mbili wakasimama kushangilia. Bi Shubiri peke yake hakucheka. Alitazama zulia la kushoto, akatazama mahali mwenzake alipolala, akafumba macho.

"Kata!" akapiga kelele mwongozaji. Ni kijana mwenye haraka, amekikuta kipindi kimekwisha kuwa maarufu na anaogopa kisije kikafia mikononi mwake. Alikuja mbio, amefurahi kupita kiasi. "Mzee, leo umetuua! Hebu inuka nikukumba..."

Hakumalizia. Pua yake ilikuwa imefika kabla ya mikono.

"Mzee," akasema kwa sauti ya chini. "Umekunywa?"

"Nimekunywa mlichoniwekea."

"Fundi! Njoo hapa!"

Mtunza vifaa akaja, mzee wa rika la Chakari, mashada ya funguo yakimlia kiunoni. Akaichukua chupa, akanusa. Akatia kidole, akalamba.

"Hii si chai yangu," akasema. "Chai yangu naichuja mara mbili. Nimejaza saa nne asubuhi, nikaiweka pale mezani, nikaifunika kwa kikombe."

"Nani mwingine kaigusa?"

"Meza iko njiani, bwana. Hapa kila mtu anapita."

Mwongozaji akamgeukia Chakari, na sasa furaha yote ilikuwa imemtoka. "Mzee, sitaki kukuvunjia heshima mbele za watu. Lakini mwezi uliopita ulianguka ngazini. Wiki iliyopita ulisahau maneno mara sita. Juzi dada wa vipodozi kasema unaongea kama una kiazi mdomoni. Tukanyamaza, tukasema mzee kachoka. Kumbe!"

Msomaji wangu wa siku zote, wewe na mimi tunajua kilichomwangusha ngazini. Tulikuwepo kwa daktari, sehemu ya kumi na sita. Tuliona karatasi inayosema mishipa ya fahamu ya Chakari inaugua, kwamba mkono utatetemeka, mguu utaburuza, ulimi utakuwa mzito, na kwamba dawa itapunguza tu, haitaponya. Karatasi hiyo ameikunja mara nne na kuificha ndani ya soli ya kiatu. Mficha maradhi kifo humuumbua, walisema wahenga. Kwa huyu, pombe iliwahi kabla ya kifo.

Neno moja tu, "naumwa", lingemsafisha pale pale. Alilifungia mdomo.

Na hapo, kana kwamba shetani alikuwa na zamu mchana ule, binti yake akashuka kutoka kwenye viti vya watazamaji.

Hakuja peke yake. Alikuwa amemshika mkono baba wa mchumba wake, mwalimu mkuu mstaafu, mtu wa suti iliyopigwa pasi hadi kwenye soksi. Mwalimu ndiye aliyekuwa na mashaka. "Nimuoze mwanangu kwa binti wa mlevi?" alikuwa amesema, na binti akamjibu, "Njoo uone mwenyewe, Mwalimu. Ni chai." Alimwandalia baba yake jambo hilo kama zawadi, asimwambie kitu.

Nawaomba mlielewe neno hilo "chai" kwa huyu mtoto. Darasa la nne walimwimbia "mtoto wa mlevi, mtoto wa nyoka", akapigana, akarudi nyumbani sare imechanika begani. "Baba, niambie kweli," alisema. Mama yake alikwisha fariki, wamebaki wawili. Chakari akampigia magoti mtoto yule. "Pombe haijapita koo hili, mwanangu, na haitapita." Kisha akamweleza kitu ambacho hajamweleza mwingine: kwamba ule mwendo wa kuyumba unaochekesha watu wote ni mwendo wa baba yake mzazi, aliyekuwa akirudi nao nyumbani kila jioni, na hapakuwa na aliyecheka.

Tangu siku hiyo binti amelitetea koo la baba yake shuleni, kazini, hadi kwa wakwe.

"Baba!" akasema, hajanusa kitu bado, macho yanang'aa. "Mgeni huyu. Usiinuke, najua umechoka. Fundi, hebu nipe hiyo chupa."

"Mwanangu, iache," akasema Chakari.

"Ah, baba, acha aone!" Akaichukua chupa mikononi mwa mtunza vifaa, akamsogezea Mwalimu puani, yeye mwenyewe, kwa mikono yake miwili. "Nusa, Mwalimu. Chai tupu."

Mwalimu akanusa. Akamtazama binti kwa huruma, na huruma ya mtu kama yule ni mbaya kuliko hasira.

"Binti yangu," akasema, "nimefundisha miaka thelathini na mbili. Nimenusa walimu wenzangu asubuhi nyingi za Jumatatu. Hii si chai."

Binti akanusa. Akamwinamia baba yake, akanusa tena.

Sitawaeleza uso wake. Mliolea mnaujua.

"Nitakuwa langoni," Mwalimu akasema. "Dakika kumi. Muulize mzazi wako, uniletee jibu. Kama ni mlevi, tuambiane mapema, tusipotezeane muda."

Chumba cha kubadilishia nguo kina kioo kimoja, balbu sita ambazo mbili zimeungua, na kochi lililorithiwa kutoka kwenye kipindi kilichokufa. Chakari aliketi hapo bado amevaa suruali ya mlevi, iliyofungwa kwa kamba. Meneja wa vipindi hakukawia. Ni mama mwenye sauti ya kubembeleza mtoto alale, na wote waliowahi kufukuzwa kazi pale walifukuzwa kwa sauti hiyo. Mkononi alikuwa na karatasi yenye joto la mashine.

"Kifungu cha tisa cha mkataba, mzee wangu," akasema. "Anayekiri ulevi, kituo kinampa miezi mitatu akatibiwe, na nafasi yake inamsubiri. Anayekataa, anaondoka leo. Hapa nimekuandikia unakiri. Weka sahihi tu."

"Na ambaye si mlevi? Tuseme mtu anaumwa tu."

"Anaumwa nini?"

"Nauliza tu."

"Wa homa tunamsubiri apone. Ugonjwa usiopona ni kifungu cha kumi. Huyo tunamshukuru, tunamkatia keki, na suruali hiyo anavaa mwingine."

"Chakari ni mimi, mama."

"Chakari ni wa kituo. Ulisaini mwenyewe mwaka wa kwanza, ukafurahi, ukaturukia shingoni." Akaiweka karatasi mezani, akaweka na kalamu juu yake. "Nakwenda kuchukua muhuri. Nikirudi nikute jina lako hapo chini."

Mlango ulikuwa haujatulia, Bi Shubiri akaingia, akaufunga kwa mgongo.

"Mke wangu," Chakari akamwambia. Ndivyo walivyoitana miaka kumi na tano, mke wangu, mume wangu, hata mbele ya mume wake halisi, na mume wake halisi alikuwa wa kwanza kucheka. "Mke wangu, kuna mtu humu ndani ananiwinda. Kaniwekea pombe nifukuzwe."

"Ndiye huyu unayemwita mke."

Chakari akatabasamu, akingojea mwisho wa mzaha. Mzaha haukuwa na mwisho.

"Ni mimi," akasema Bi Shubiri. "Nimemwaga chai ya fundi kwenye sinki, nikajaza hiyo."

Kikulacho ki nguoni mwako. Hilo wahenga walitufundisha. Hawakutufundisha la kufanya kikikula kwa mapenzi.

"Kaka yangu alianza na vifungo vya shati," akaendelea, haraka, kabla hajakatishwa. "Nilimwona anahangaika navyo kama wewe asubuhi ya leo pale kwenye kioo. Kisha ulimi, kisha mguu. Usinidanganye, naujua ugonjwa huo tangu unapobisha hodi. Jumatatu nimepita mlangoni kwa Meneja, nawasikia wanaulizana, huyu mzee ana nini? Wanataka kukupeleka kwa daktari wa kituo. Akikupima umekwisha, kifungu cha kumi hicho! Nikasema wakinusa pombe hawatapima. Mlevi anasamehewa. Mlevi anapewa miezi mitatu. Mgonjwa anapewa keki."

"Ungeniambia."

"Ungekubali?"

Chakari akauvuta nyuma mguu wenye karatasi kwenye soli.

"Na nilijua utatema," Bi Shubiri akasema, na sasa analia. "Nimesema akionja tu atatema, watanusa shati lake, yaishe. Nani kakutuma umeze?"

"Walikuwa wanacheka."

"Mafunda matatu?"

"Walikuwa wanacheka, nimekwambia!"

Wakatazamana. Hakuna mtu mwingine ambaye angelielewa jibu hilo, na Bi Shubiri alilielewa, na ndiyo sababu lilimuumiza.

"Mtoto alikuwepo," Chakari akasema. "Kaja na mkwe. Kamnusisha chupa kwa mkono wake."

"Sikujua. Haki ya Mungu, sikujua anakuja."

"Tafadhali toka, mama."

Mama. Bi Shubiri akashika kiti. Alikuwa amegombana na mtu huyu mbele ya kamera zaidi ya mara mia saba, na hakuna mara hata moja neno lake lilimfikia kama hilo.

"Nitatoka," akasema. "Lakini saini. Nitukane, usinisemeshe hadi nife, ila saini. Miezi mitatu utameza dawa, mkono utatulia, utarudi. Mtoto atakusamehe ulevi. Watoto wanasamehe."

Hakuwahi kutoka. Mlango ulifunguliwa, akaingia binti, na nyuma yake Meneja na muhuri wake.

"Samahani kwa kuingilia," Meneja akabembeleza. "Nimemkuta huyu kijana kwenye korido analia. Ni vizuri familia iwepo."

Binti hakulia tena. Alisimama katikati ya chumba, mikono imefungwa kifuani, kama yule wa darasa la nne.

"Baba, Mwalimu yuko langoni. Nina dakika nne. Sikuulizi kwa ajili yake, nakuuliza kwa ajili yangu. Ulikunywa?"

Oneni alipobanwa. Akisema hapana, Meneja atataka kujua, basi ulimi una nini, mguu una nini, na daktari wa kituo ataitwa kabla ya jua kuzama. Akisema ndiyo, atarudi kazini baada ya miezi mitatu, na mtoto atatoka mlangoni akiwa ameshindwa vita alivyopigana tangu utoto.

Alifikiria kiti cha plastiki barazani kwake. Alijiona amekikalia Alhamisi jioni, runinga inawaka, na mtu mwingine ndani ya suruali hii, mtu wa miaka thelathini, anautembea mwendo wa baba yake na hajui ni wa nani.

Mimi nilitaka aseme hapana. Nawaapia, kalamu yangu ilikwisha andika hapana, nikaifuta, kwa sababu huyu mtu nimeishi naye wiki kumi na tisa na najua anapenda nini kuliko vyote.

"Nilikunywa," akasema Chakari.

"Leo tu?"

"Siku nyingi."

Binti akatikisa kichwa polepole, akarudi nyuma hatua moja, kisha nyingine. Bi Shubiri akaukazia macho ukuta. Meneja akasogeza karatasi mbele.

"Hapa chini, mzee wangu."

Chakari akaishika kalamu. Ikamtoka. Akaiokota mezani, akaishika tena, akaigusisha kwenye karatasi, na mkono ukaruka. Ukachora mstari wenye meno kutoka pembeni hadi kwenye nembo ya kituo. Akaukamata mkono wa kulia kwa mkono wa kushoto, akaukandamiza mezani, jasho likamtoka. Herufi ya kwanza ya jina lake ilikataa kabisa.

"Masikini," Meneja akasema. "Hata kalamu inamshinda. Atakuwa amekunywa sana."

Binti alikwisha shika kitasa. Akaachia.

"Baba." Akarudi. "Mbona umeushika mkono hivyo?"

"Ni pombe. Nenda, Mwalimu anasubiri."

Hakwenda. Akapiga magoti sakafuni, akaweka kiganja chake chini ya kiganja cha baba yake, kama mtu anayesikiliza mapigo. Mkono wa mzee ukatetemeka ndani ya mkono wake, mdogo mdogo, bila kupumzika. Bi Shubiri akamkonyeza: nyamaza. Akamkonyeza tena. Binti hakuwa anamtazama.

"Juzi uliangusha bilauri," binti akasema. "Ukaniambia ina sabuni. Nilikuwa nimeisuuza mimi mwenyewe. Na shati la Jumapili ulitoka nalo vifungo wazi, ukasema joto. Baba, hata siku hizo zote hukuwa unanuka pombe. Mimi ndiye ninayefua nguo zako!"

"Mwanangu, nyamaza."

"Hii si pombe!"

"Nakuomba, nyamaza."

"Unaumwa!" Alisema kwa furaha. Ndiyo, kwa furaha, machozi yanamtiririka na anacheka, akiikumbatia miguu ya suruali ile ya kamba, kwa sababu koo lile lilikuwa safi na hakuwa amepigana bure. "Hujawahi kunywa, unaumwa tu! Jamani, baba yangu si mlevi, ni mgonjwa! Ngoja nikamwambie Mwalimu!"

Akaruka, akatoka mbio. Viatu vyake vikasikika korido nzima hadi mwisho.

Bi Shubiri alikuwa amejifunika uso kwa kanga ya maigizo. Chakari alibaki ameushika mkono wake, kama mtu aliyekamata kuku anayetaka kukimbia.

Meneja akaivuta karatasi ya kifungu cha tisa, taratibu, kutoka chini ya viganja vya mzee. Akaikunja mara mbili, akaitia mfukoni. Kisha akatoa simu.

"Daktari," akasema, sauti laini kama ya kubembeleza mtoto alale, "bado hujatoka ofisini? Vizuri. Nakuletea mtu."